Sanduku la Barua: Ya Baharini kwa Watu wa Nchi Kavu

Toleo lililopita tuliwaalika wasomaji waulize lolote kuhusu maisha ya baharini. Tulitegemea maswali ya papa na dhoruba. Barua zilizofika, nyingi zilihusu ndoa, mikopo, mafundi na mawakala: watu wanataka kujua kama waliokaa majini wana jambo la kuwafaa walio nchi kavu. Wanalo, ila si lile linalosimuliwa vijiweni. Baharia hategemei ushujaa. Anategemea utaratibu uliowekwa bahari ikiwa shwari, ili siku ikichafuka asianze kujiuliza la kufanya. Majibu yameandikwa na jopo letu la mabaharia wa meli za masafa, manahodha wa mashua na wakufunzi wa usalama wa vyombo vya majini. Tumewakataza mawaidha.

Mume anaamka saa tisa na nusu usiku

*Shikamooni. Mume wangu ni baharia wa meli za nje, amerudi baada ya miezi tisa. Kila siku anaamka saa tisa na nusu usiku, anazunguka nyumba akishika vitasa na kukagua mtungi wa gesi, halafu mchana analala. Watoto anawaamrisha kama vibarua, na mimi ananiuliza kila shilingi imekwenda wapi. Wifi zangu wanasema amerogwa. Nifanyeje? — Mama wa watatu, Mbagala*

Marahaba, mama. Hajarogwa.

Kwenye meli nyingi siku hukatwa vipande sita vya saa nne nne. Mtu hufanya kazi saa nne, hupumzika nane, hurudi tena nne. Zamu ni tatu, usiku na mchana: ya saa sita hadi saa kumi, ya saa kumi hadi saa mbili, na ya saa mbili hadi saa sita. Mtu wa zamu ya saa kumi alfajiri huamshwa kiasi cha nusu saa kabla, avae, anywe chai, macho yazoee giza. Saa tisa na nusu ya mumeo ndiyo hiyo. Kule kushika vitasa nako ni doria: anayetoka zamu huzunguka meli akinusa moshi, akitazama maji yanayovuja na milango iliyoachwa wazi, kwa kuwa katikati ya bahari hakuna zimamoto wa kupigiwa simu. Mwache akague. Mtungi wa gesi unaokaguliwa kila usiku haujawahi kumkera mtu.

Usingizi utarudi, ila kwa mwendo wake. Saa ya mwili husogea kiasi cha saa moja kwa siku, kwa hiyo aliyetoka upande wa pili wa dunia huhitaji wiki moja hadi mbili. Kinachosaidia ni mwanga: atoke nje asubuhi, hata kama ni kwenda kununua vitumbua tu, akae juani nusu saa. Mchana akilala, iwe dakika ishirini au thelathini na kabla ya saa tisa alasiri. Kahawa iishie adhuhuri. Kinachoharibu ni ile huruma ya kumfungia mapazia alale hadi jioni "kwa sababu amechoka".

Amri fupi nazo zina chanzo. Injini inapiga kelele, wenzake wametoka mataifa manne au matano, na neno likiwa refu mtu anakatwa kidole. Mwambie wazi, tena mkiwa wawili, kuwa watoto wanamsikia hata akisema taratibu.

Lililo zito katika barua yako ni hilo la kuulizwa kila shilingi. Kwa miezi tisa nahodha wa nyumba hiyo ni wewe. Amerudi na anashika usukani bila kukabidhiwa. Melini hilo haliruhusiwi. Anayeingia zamu hapokei mpaka aambiwe meli ipo wapi, inaelekea wapi, kwa kasi gani, vyombo gani vipo karibu, hali ya hewa ikoje, kipi kimeharibika na nahodha ameacha maagizo gani. Na kama anayetoka yumo katikati ya kukwepa chombo kingine, makabidhiano husubiri mpaka amalize. Fanyeni vivyo hivyo. Kaeni jioni moja na daftari: ada zilizolipwa na zisizolipwa, tunayemdai na anayetudai, nani mgonjwa, nani kaahidiwa nini, paa linavuja wapi. Jambo ulilolianza na halijaisha, tuseme mgogoro wa mpaka wa kiwanja, limalizie wewe. Yeye asikilize tu. Makabidhiano kama haya yafanyike pia siku anapoondoka. Nyumba nyingi za mabaharia hugombana kwa sababu ya kuyaruka.

Na fedha. Mikataba mingi ya meli hailipi mtu akiwa nyumbani, na mkataba unaofuata hauna ahadi. Kama kawaida yake ni miezi tisa kazini na sita nyumbani, mshahara wa miezi tisa ugawanyeni kwa miezi kumi na mitano. Aagize pia, kabla ya kupanda meli, sehemu ya mshahara itumwe moja kwa moja kwenye akaunti yako kila mwezi. Kanuni za kimataifa za kazi za mabaharia zinampa haki hiyo. Fedha inayofika mara moja, siku ya kushuka, hufika pamoja na binamu.

Wiki tatu zikipita hajapata usingizi, au anashtuka kwa kila kishindo, au ameanza kunywa, au anataja kufa, hapo muone daktari. Mabaharia huona mambo mazito na wengi hawayasemi.

"Sawa bosi", kisha geti linakuja fupi

*Nina karakana ya kuchomelea Tandika, vijana wanne. Naagiza, wanajibu "sawa bosi", kazi inatoka tofauti. Melini mnafanyaje? — Fundi, Temeke*

"Sawa" haihesabiwi kuwa jibu. Ofisa akisema "kushoto kumi", mshika usukani hurudia "kushoto kumi" kwa sauti, anageuza, na usukani ukifika anasema "usukani upo kushoto kumi". Ofisa naye anathibitisha kuwa amesikia. Hatua zote hizo ni kwa amri ya maneno mawili. Makosa mengi hukamatwa katika hatua ya kwanza, pale aliyesikia "kulia" anapoitamka "kulia" yake na mwenzake akamkatiza kabla hajageuza.

Kwako: usiulize "umeelewa?" Kwa mila zetu hakuna kijana atakayemwambia mkubwa kuwa hajaelewa. Sema, "Nirudishie vipimo." Arudishe urefu, upana na unene wa bomba, kwa namba. Akishapima na kuweka alama ya chaki, akuite kabla ya kuwasha mashine ya kukata. Ukishaitazama alama, useme "kata". Chuma kikishakatwa kifupi hakirefuki.

Jambo la pili wengi hulipinga: mdogo awe na ruhusa ya kusema "bosi, hiyo namba si ya jana." Kwenye chumba cha usukani ni wajibu wake, na nahodha anayemfokea kijana kwa swali la namna hiyo huonekana hafai. Kuwa na daftari pia, kama meli ilivyo na kitabu cha kumbukumbu: andika kwa kalamu ya wino, kosa likatwe kwa mstari mmoja na sahihi fupi pembeni, lisifutwe. Mteja akija kubisha, utaona thamani yake.

Boti ya Unguja mwezi wa saba

*Harusi ya dada ipo Unguja Julai. Nikiona boti tu natapika. — Binti, Ubungo*

Julai ni msimu wa upepo wa kusi, mkondo wa Unguja huwa na mawimbi. Kata tiketi ya asubuhi, kwani upepo mara nyingi huzidi kadiri jua linavyopanda. Kaa chini na katikati, au karibu na tezi, yaani nyuma. Omo, yaani mbele, hupanda na kushuka kuliko sehemu zote. Tazama mstari wa upeo wa bahari, simu iweke kwenye mkoba. Kula kidogo, mkate au ndizi, usiende na njaa. Dawa ya kuzuia kichefuchefu imezwe nusu saa hadi saa moja kabla ya boti kung'oa. Ukisubiri uanze kutapika, itatoka nayo. Kama una mimba, uliza kwanza duka la dawa. Na kabla hujafumba macho, angalia jaketi okozi zipo wapi.

Shimo la maji taka

*Mtaani kwetu fundi alishuka kwenye shimo la choo lililofunikwa muda mrefu, akazimia. Jirani akaruka kumtoa, naye akaanguka. Wote walinusurika kwa bahati. Mzee mmoja mvuvi alisema melini watu hufa vivyo hivyo. Ni kweli? — Mjumbe wa mtaa, Kimara*

Ni kweli, na mzee kasema jambo kubwa kuliko yote kwenye sanduku la mwezi huu. Katika vifo vya matangi na ngama (sehemu za chini ndani) za meli, mara nyingi wanaokufa zaidi ni waliokwenda kuokoa.

Hewa ya kawaida ina oksijeni asilimia 21 hivi. Ikishuka hadi karibu 10 mtu huzimia. Chini ya 6 hufa kwa dakika chache. Tangi la chuma lililofungwa hupoteza oksijeni kwa kutu tu, maana kutu huila. Shimo la choo lina zaidi ya hilo: kinyesi kinachooza hutoa gesi inayonuka yai viza. Ikiwa kidogo unainusa. Ikizidi, pua hufa ganzi na harufu hupotea, na hapo ndipo mtu husema "sasa pamekuwa safi" akashuka. Kitambaa puani hakisaidii, barakoa ya vumbi haisaidii, na kuvuta pumzi nyingi kabla ya kuingia hakusaidii. Kushusha mshumaa au kibatari ni hatari mara mbili: hautaonyesha gesi ile ya sumu, na humo kuna gesi nyingine inayolipuka.

Utaratibu wa melini ni kwamba hakuna anayeingia bila hewa kupimwa kwa kifaa, juu, katikati na chini, na bila karatasi ya ruhusa iliyosainiwa. Mtaani kifaa hamna, basi kanuni iwe nyepesi: hakuna kushuka. Gari la kunyonya livute kutoka juu, na fundi afanye kazi kwa fimbo ndefu na ndoo ya kamba. Pakiwa na lazima kabisa, itafutwe kampuni yenye vipimo na mashine ya kusukuma hewa hadi chini, na anayeshuka awe amefungwa mkanda wa kifuani wenye kamba iliyoshikwa juu tangu mwanzo. Mkanda wa kiunoni haufai. Ukimvuta mtu aliyezimia hukunjika akakwama.

Mdomoni pa shimo abaki mtu mmoja asiye na kazi nyingine. Hachanganyi zege, hapokei simu za mkewe. Na huyo haingii kamwe, hata aliye chini awe mwanawe. Kazi yake ni kuvuta kamba, kupiga yowe na kupiga 114, namba ya Zimamoto na Uokoaji. Mwambieni maneno hayo kabla kazi haijaanza, mkimtazama usoni, kwa sababu wakati wenyewe ukifika kila kiungo chake kitamtuma aruke.

Deni linalosogea bila kuonekana

*Nauza mitumba Kariakoo, nina mkopo wa kikundi, rejesho laki mbili kila mwisho wa mwezi. Kila mara nashtuka tarehe 28 kuwa sina. Nyie mnajuaje mapema kuwa meli nyingine itawagonga? — Mama mitumba, Buguruni*

Tunapima upande ilipo kwa dira, tunasubiri dakika tatu, tunapima tena. Ikiwa ilikuwa digrii 40, ikaja 46, ikaja 55, itapita. Ikiwa ni 40, 40, 41, na inazidi kuwa kubwa machoni, mtagongana. Ubaya wake ni kwamba chombo cha namna hiyo huonekana kimesimama palepale kiooni, na jicho hukipuuza. Jicho hushtushwa na kinachosogea. Ndiyo maana kanuni za kimataifa za kuzuia migongano, za mwaka 1972, zinataka upime, usikisie.

Dira yako ni namba moja: kiasi kinachopungua kufikia rejesho. Iandike tarehe 1, 10 na 20. Laki mbili, laki na ishirini, elfu hamsini: unapita. Laki mbili, laki mbili, laki na tisini: umeshagongwa, bado mshindo tu.

Kanuni hizohizo zinaeleza na la kufanya: geuza mapema, geuza kwa kiasi kikubwa, aliye upande wa pili aone umegeuza. Mfululizo wa vigeuzo vidogo umekatazwa, maana mwenzako havioni na wewe unajidanganya kuwa umechukua hatua. Manahodha wengi hugeuza digrii 30 au zaidi kwa mara moja. Kwa mkopo, kupunguza sukari ya chai ni kigeuzo kidogo. Kikubwa ni kuuza robota zima kwa bei ya chini tarehe 20, au kwenda kwa mwenyekiti siku hiyohiyo na karatasi inayosema utaleta kiasi gani na lini. Karatasi ya tarehe 20 hupokelewa kwa sura tofauti na machozi ya tarehe 30.

Na kama upungufu umesababishwa na mwenzako wa kikundi aliyekukopa akagoma kulipa, haki ni yako, lakini usikae juu ya haki. Meli yenye haki ya kupita nayo huamriwa kukwepa pale ikionekana mwenzake peke yake hawezi tena kuzuia ajali.

"Subiri maji"

*Mimi ni mtu wa Njombe, nina hisa kwenye mashua Kunduchi. Kila nikishuka nakuta imelala mchangani, wavuvi wanacheza bao, naambiwa "subiri maji". Hii ni subira au uvivu? — Mwekezaji mdogo, Mbezi*

Inategemea mbao zikoje. Nenda ukainame chini ya mashua.

Mashua inayotengenezwa hupandishwa ufukweni wakati wa bamvua, siku moja au mbili baada ya mwezi mwandamo au mwezi mpevu, maji yanapofika juu kabisa. Ikishaachwa huko juu, maji mafu ya katikati hayaifikii. Wana kiasi cha wiki mbili mpaka bamvua lijalo. Wakilikosa, wanasubiri wiki nyingine mbili. Hakuna mkubwa wa kuongea naye. Ndani ya siku hizo ndipo hukwanguliwa mwani na magamba yaliyoganda, chini hupigwa moto wa makuti kuua funza wa mbao, pamba iliyolowekwa mafuta hushindiliwa kwa patasi katika nafasi za mbao, na mwisho hupakwa shahamu na chokaa. Pamba ikishindiliwa kupita kiasi, mbao zikilowa na kuvimba zitasukumana na misumari italegea. Ikiwa chache, utafua maji, kuyachota na kuyamwaga, njia nzima.

Ukikuta pamba mpya nyeupe na harufu ya mafuta, wanaocheza bao wamemaliza zamu yao na wanasubiri maji kweli. Ukikuta mwani umekauka palepale ulipokuwa wiki jana, lipo la kuzungumza.

Hata siku ya kushusha kuna hesabu. Maji hujaa kwa saa sita na kidogo, lakini si kwa mwendo mmoja. Gawa kina chote kwa kumi na mbili: saa ya kwanza huingia sehemu moja, ya pili mbili, ya tatu tatu, ya nne tatu, ya tano mbili, ya sita moja. Bamvua likileta mita 3.6, saa ya kwanza unapata sentimeta 30 tu, na saa mbili za katikati unapata mita 1.8, yaani nusu ya maji yote. Wageni husukuma chombo saa ya kwanza wakavunjika mgongo. Wenyeji wamekaa. Na kila siku maji huchelewa kwa dakika kama 50, kwa hiyo ukiambiwa "njoo kesho saa hii hii", aliyekuambia hataki uje.

Wakala anataka milioni mbili

*Nimemaliza mafunzo ya ubaharia. Wakala anasema nafasi ipo, nilipe milioni mbili "ya kuunganishwa". — Kijana, Kigamboni*

Usilipe. Mkataba wa Kazi za Mabaharia wa mwaka 2006 unakataza baharia kutozwa ada ya kutafutiwa kazi. Vinavyoweza kuwa juu yako ni cheti cha afya, kitabu cha baharia na pasipoti. Hata gharama ya viza ni ya mwenye meli.

Mwombe jina la meli na namba yake ya IMO (Shirika la Kimataifa la Bahari), tarakimu saba. Zidisha sita za mwanzo kwa 7, 6, 5, 4, 3 na 2 kwa mfuatano, ujumlishe. Tarakimu ya mwisho ya jumla lazima ifanane na tarakimu ya saba. Mfano 9074729: 63, 0, 35, 16, 21 na 4 hufanya 139, na namba inaishia na 9. Isipofanana, namba imetungwa. Ikifanana, imethibitisha tu kuwa si ya kubuni ovyo. Itafute kwenye Equasis, tovuti ya taarifa za meli, kujisajili ni bure, uone mwenye meli ni nani, kisha umwandikie huyo moja kwa moja kwa anwani uliyoipata wewe, siyo aliyokupa wakala. Kuhusu wakala mwenyewe, uliza TASAC, Shirika la Wakala wa Meli Tanzania, kama ana leseni.

Kama ulishatoa chochote, usimfokee kwenye simu. Tunza risiti, ujumbe wa miamala na namba alizotumia. Polisi wataanzia hapo.